Kabla Hujaniomba Nitangaze Harambee ya Majuu

Leo sina lile neno fupi la asubuhi. Hili litakuwa refu, kwa hivyo wewe unayesoma kwa bando ya shilingi ishirini, tafuta mahali ukae kabla haijaisha.

Jumapili baada ya ibada ya pili mama mmoja wa kanisa alinifuata ofisini na kijana wake. Alikuwa amebeba bahasha ya kaki ameikumbatia kama mtoto. Ndani kulikuwa na barua ya kukubaliwa kusoma diploma ya miaka miwili ya mambo ya fedha, katika chuo kimoja huko Canada. Ajenti amewaambia walipe amana kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi itaenda kwa mwingine. Mama tayari ana mnunuzi wa ile nusu ekari aliyoachiwa na marehemu mume wake. Kwangu alitaka vitu viwili tu: maombi, na tangazo la harambee kwa ile pesa itakayopungua.

Nilimwuliza kijana maswali matatu. Ukimaliza kusoma, utaruhusiwa kufanya kazi huko kwa muda gani? Jumla ya pesa yote, kutoka leo mpaka siku utakayovaa joho, ni ngapi kwa shilingi? Na ukirudi Nairobi na hiyo karatasi, nani atakuajiri nayo?

Kijana akaangalia viatu vyake. Mama akaniangalia mimi, akasema, "Pasta, ajenti amesema kila kitu kiko sawa."

Sikutangaza harambee. Na najua kufikia Jumanne maneno yalikuwa yameshazunguka kwamba Pasta anazuia nyota ya mtoto wa mjane. Ndiyo maana naandika. Heri mnisikie kutoka kwangu kuliko kwa kikundi cha WhatsApp.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2023 kanisa hili lilimchangia dada yetu mmoja kwenda Uingereza kusoma shahada ya uzamili ya fedha, mwaka mmoja. Mnakumbuka ile Jumapili, tulicheza mpaka kiti cha mzee wa kanisa kikavunjika. Mpango ulikuwa kwamba akishatulia, mume na mtoto wamfuate. Alifika Januari 2024. Na kuanzia mwezi huo huo, Januari 2024, Uingereza ilikuwa imeacha kuwaruhusu wanafunzi wa uzamili wa kawaida wa darasani kuleta mume, mke au watoto. Si kwamba sheria ilianguka kutoka mbinguni. Serikali yao ilitangaza Mei 2023, miezi saba mbele. Miezi saba! Tulikuwa na kamati, tulikuwa na mweka hazina, tulikuwa na kadi za rangi tatu, na hapakuwa na mtu hata mmoja kati yetu aliyekaa chini kusoma masharti ya viza. Mimi niliyeshika maikrofoni ndiye wa kwanza kulaumiwa. Mume wake bado anaketi safu ya nne na mtoto. Kila nikimwona, nakumbuka.

Kwa hivyo siku hizi nasoma. Tena nasoma kwa uchungu.

Turudi kwa kijana wa bahasha. Canada ni nchi nzuri, sina neno baya nayo. Lakini masharti yake yamebadilika sana. Mwanafunzi aliyeomba kibali cha masomo tangu tarehe 1 Novemba 2024 kwenda kusoma diploma ya chuo cha kati, hapati tu kibali cha kazi baada ya masomo kwa sababu amehitimu. Ni lazima kozi yake iwe katika orodha ya fani ambazo nchi ile inasema ina upungufu wa watu, kama vile afya, ufundi wa mikono, sayansi na teknolojia, kilimo, uchukuzi. Diploma ya biashara na fedha haimo. Aliye na shahada ya chuo kikuu, ya kwanza au ya uzamili, hashikwi na sharti hilo la fani. Umeona tofauti? Watu wawili wanapanda ndege moja pale JKIA, wote wanasema wanaenda kusoma fedha Canada. Mmoja akimaliza anaruhusiwa kutafuta kazi, mwingine anafungasha virago. Tofauti yao ni neno moja kwenye barua: diploma au digrii.

Ajenti alijua? Sijui moyo wa mtu. Lakini jambo moja kuhusu biashara hii ni la wazi: ajenti wengi hulipwa kamisheni na chuo, kulingana na karo ya mwanafunzi aliyempeleka. Hiyo si dhambi, hata dalali wa nyumba hulipwa hivyo. Lakini usimwulize dalali kama nyumba ya jirani ni nzuri zaidi. Ndiyo sababu ajenti atakutajia vyuo ishirini vya karo na asikutajie hata kimoja cha umma cha Ujerumani, ambako vyuo vikuu vingi vya umma havitozi karo hata kwa mgeni, na kwa hivyo hapana kamisheni ya mtu.

Ngoja, msikimbilie Ujerumani bado. Kuna pa kuangalia. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula, tangu mwaka 2017. Chuo kikuu cha ufundi cha Munich nacho kilianza kuwatoza wageni karo mwaka 2024. Na katika jiji la Frankfurt, ambalo ndilo jiji la mabenki na makao ya Benki Kuu ya Ulaya, kuna Chuo Kikuu cha Goethe ambacho ni cha umma, na kuna Frankfurt School of Finance & Management ambacho ni cha kibinafsi na karo yake si mchezo. Majina yote mawili yana harufu ya fedha na Frankfurt. Mzazi asiyejua ataona ni kitu kimoja.

Tena hata pasipo karo, ubalozi wao unataka uweke pesa ya kuishi kwenye akaunti iliyofungwa, yuro 11,904 kwa mwaka, ukiruhusiwa kutoa 992 kila mwezi. Hiyo si ada, ni pesa yako, lakini lazima iwepo kabla ya viza. Na aliyemaliza kidato cha nne akiwa na KCSE peke yake mara nyingi haingii chuo kikuu cha kule moja kwa moja. Anapitia mwaka wa maandalizi kwanza, tena kwa Kijerumani. Aliyemaliza digrii hapa nyumbani mlango wake ni mpana zaidi, na kuna shahada za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza. Akimaliza, anapewa miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na masomo yake.

Uingereza nimeshaitaja. Uzamili wao ni mwaka mmoja, na hilo ni jambo kubwa kwa mfuko, maana ni mwaka mmoja wa kodi ya nyumba badala ya miwili. London ni London, hakuna anayesoma fedha asiyejua. Baada ya masomo walikuwa wakitoa miaka miwili ya kukaa na kufanya kazi, lakini atakayeomba ruhusa hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2027 atapata miezi 18. Kwa hivyo wewe unayepanga kuanza masomo mwezi wa Septemba na kumaliza mwaka unaofuata, hesabu kwa kalenda ya siku utakayomaliza. Na ile pesa ya kuonyesha kwamba utajikimu, kwa sasa pauni 1,529 kwa mwezi ukisoma London na 1,171 ukisoma nje ya London, kwa miezi hadi tisa, lazima ilale kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Pesa ya kuazimwa wikendi kutoka kwa chama haitakusaidia.

Marekani nako kuna siri ambayo nilifundishwa na kijana wetu mmoja wa vyombo, yule mpiga gitaa la besi. Mwanafunzi wa kigeni akihitimu anaruhusiwa miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yake, ule utaratibu unaoitwa OPT. Lakini akiwa amesoma fani iliyo katika orodha ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, anaongezewa miezi 24. Jumla miaka mitatu. Fedha ya kawaida haimo katika orodha hiyo. Hisabati ya fedha imo. Uchambuzi wa data za fedha uliongezwa mwaka 2022. Chuo kimoja kinaweza kuwa na kozi mbili, jengo moja, walimu karibu wale wale, na kinachozitenganisha ni namba ya fani inayoandikwa kwenye fomu ya I-20. Kwa hivyo kabla ya kukubali, waandikie chuo barua pepe uulize: namba ya fani ya kozi hii ni ipi, na je, imo katika orodha ya STEM? Swali la mistari miwili, bure kabisa, na linaweza kukupa miaka miwili ya mshahara wa dola. Baada ya hapo kuna bahati nasibu ya viza ya kazi ya H-1B, na hiyo msinihesabie kama mpango. Bahati nasibu ni bahati nasibu hata ukiifunga na maombi ya kukesha.

Sasa pesa. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ni ajabu kwamba mtoto anaenda kusoma fedha na familia nzima haijafanya hesabu.

Mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu shilingi 110. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imefika kama 160. Baadaye mwaka huo huo ikarudi karibu 129. Chukua karo ya dola 20,000 kwa mwaka. Kwa 110 ni shilingi milioni 2.2. Kwa 160 ni milioni 3.2. Chuo hakijapandisha hata senti, mtoto hajabadilisha kozi, hajala nyama zaidi, lakini wewe mzazi umeongezewa milioni moja kwa mwaka. Utaitoa wapi? Nusu ekari ilishauzwa. Watoto wa Nigeria waliopita njia hii baada ya naira kuporomoka mwaka 2023 wanajua. Kuna chuo kimoja Uingereza ambacho mwaka uliofuata kiliwafuta baadhi yao masomoni kwa kushindwa kumaliza karo, na viza zao zikawa hatarini hapo hapo.

Kwa hivyo kwangu hesabu ya kozi ya miaka miwili au zaidi ifanywe kwa shilingi mbaya, si kwa shilingi ya leo. Fanya kwa 160. Ukiona kwa 160 familia inazama, basi hiyo kozi ni ghali kwenu, hata kama leo inawezekana. Na usijumlishe mshahara wa mtoto atakaoupata akisoma. Canada wanaruhusu saa 24 kwa wiki wakati wa masomo, Uingereza saa 20, Marekani saa 20 tena ndani ya chuo. Hizo ni saa za kulipa chakula na nauli. Nimeongea na watoto wetu wanaofanya usiku katika maghala wakilala darasani mchana. Unamlipia milioni tatu asome fedha halafu analala kwenye somo la fedha.

Bwana Yesu alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza hukaa chini na kuhesabu gharama, asije akachekwa na wapita njia. Hakusema aitishe harambee kwanza.

Na wale mnaosema "Pasta, si kaunti au shirika litasimamia?" mnakumbuka Uasin Gishu. Wazazi walilipa kupitia mpango wa kaunti, watoto waende Finland na Canada. Mwaka 2023 wazazi hao hao walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa zao, na watoto waliokuwa tayari Finland wakisumbuliwa kwa karo ambayo nyumbani ilikuwa imelipwa. Kesi ziko mikononi mwa wanaohusika, mimi si hakimu. Ninachochukua pale ni kidogo tu: karo ilipwe kutoka akaunti ya mzazi moja kwa moja hadi akaunti ya chuo, kwa jina la mwanafunzi na namba yake. Isipitie kwa mtu. Hata mtu wa kanisa. Hata mimi.

Sasa nitasema msimamo wangu, na mko huru kunipinga kwenye maoni. Kwa mtoto wa familia nyingi zilizo hapa, anayetaka kusoma fedha, mimi naona digrii ya kwanza isomwe nyumbani. Fedha si udaktari wala urubani. Vitabu vya hesabu za hisa na dhamana ni vile vile Nairobi na Toronto. Na wakati anasoma, afanye mitihani ya kitaaluma. Kasneb wana CPA na wana CIFA ya wachambuzi wa uwekezaji. CFA ya kimataifa ina ngazi tatu, mitihani inafanyiwa hapa hapa Nairobi, na siku hizi mwanafunzi anaweza kuketi ngazi ya kwanza akiwa amebakiza miezi 23 au chini ya hapo kumaliza digrii. Nimewauliza waumini wetu wanaofanya kazi kwenye benki na Sacco na mashirika ya bima wanaangalia nini wakiajiri. Hakuna aliyeniambia jina la nchi. Wote walitaja CPA, CFA, na kama mtu anajua kujenga hesabu kwenye Excel bila kusaidiwa.

Akishafanya kazi miaka miwili, ndipo aende nje kwa uzamili. Hapo anajua anachotafuta. Anajua kama anataka uchambuzi wa hatari wa benki, au usimamizi wa mifuko ya uwekezaji, na huyo wa mifuko pengine Dublin itamfaa kuliko mji mwingine wenye jina kubwa, au Johannesburg ambako kuna soko la hisa kubwa kuliko yote Afrika, na nauli yake si ya kuuza ng'ombe wote. Tena ile miaka miwili ya kazi ndiyo inayofungua ufadhili. Chevening ya Uingereza, inayolipa karo, nauli na pesa ya kujikimu, inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na maombi yake hufunguliwa Agosti. Inataka pia urudi nyumbani miaka miwili baada ya masomo; kama mpango wako wa siri ni kubaki, usiombe halafu uanze kumtafuta Mungu akufiche. DAAD ya Wajerumani ina ofisi Nairobi. Hakuna ajenti hapo, unaingia kwa mlango.

Kuna watakaosema nawavunja vijana moyo. Dada mmoja aliniandikia usiku, "Pasta, wewe mtoto wako alisoma nje." Ni kweli. Binti yangu alisoma nje kwa ufadhili kamili, na siku barua ile ilipokuja hatukuuza hata kuku. Mtoto wako akipata ufadhili kamili, hata kama ametoka tu kidato cha nne, nitamsindikiza uwanja wa ndege mimi mwenyewe nikiimba. Na kama una uwezo, una milioni kumi zimelala, peleka mtoto mahali popote, hiyo ni baraka yako. Ninaowaandikia ni wale ambao kosa moja litachukua shamba, na shamba halirudi.

Kuna jambo lingine dogo ambalo watu husahau. Digrii ya nje itahitaji kutambuliwa hapa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ukitaka kazi nyingi za serikali. Angalia kabla ya kwenda kama chuo hicho kinatambulika na mamlaka ya elimu ya nchi yake. Kuna vyuo vyenye tovuti nzuri kuliko majengo yao.

Kuanzia mwezi huu, kamati ya harambee haitapokea ombi la masomo ya nje bila karatasi moja ya hesabu. Nimeongea na wazee, wamekubali. Karatasi iwe na jina halisi la kozi na la chuo, karo ya miaka yote, pesa ya kuishi ya miaka yote, yote kwa shilingi kwa kiwango cha 160, na chini yake ukurasa wa serikali ya nchi hiyo uliochapishwa unaosema mtu wa kozi hiyo anaruhusiwa nini akimaliza. Si ukurasa wa ajenti. Wa serikali. Mpiga besi wetu na dada mmoja mhasibu wamejitolea kukaa na familia kila Jumatano saa kumi na moja jioni, bure, chai ipo.

Na wewe mama yangu wa bahasha, najua unasoma hapa, maana jana uliweka alama ya mikono iliyounganishwa kwenye chapisho langu ingawa Jumapili uliondoka bila kuniaga. Kijana alipata B kwenye KCSE, na hisabati A kasoro. Nimeona. Huyo si mtoto wa kupelekwa popote palipo na nafasi. Mwambie yule mnunuzi wa shamba angoje wiki moja. Kama ana haraka sana, mwache aende akanunue kwa wengine. Njooni Jumatano wote wawili. Mje na ile barua, na kijana aje na kikokotoo.